Usiitike: kusimulia hadithi za kutisha kwenye uwanja wa skuli, Pemba

Hadithi ya kutisha ya uwanjani haihitaji pango wala makaburi. Skuli nyingi za msingi hapa Pemba zina mwembe mkubwa ambao hakuna anayemjua aliyeupanda, vyoo vilivyojengwa mbali na madarasa, na kengele ya rimu ya gari inayoning'inia kwenye tawi. Asubuhi hivyo ni vitu vya kawaida kabisa. Mkondo wa mchana ukishatoka, uwanja ule ule unakuwa mwengine, na mtoto aliyewahi kurudi peke yake kuchukua buku alilolisahau anaijua hali hiyo vizuri. Msimuliaji haleti hofu mpya. Anaigusa ile iliyopo.

Nimekuwa nikiwasimulia hadithi hizi watoto wa darasa la tatu mpaka la sita, chini ya mwembe, baada ya masomo. Walimu wenzangu huniuliza nafanyaje, hasa Oktoba inapoisha na simu zikajaa picha za Halloween: maboga yaliyotobolewa macho, watoto wa Marekani waliovaa vinyago. Sikukuu ile ina asili yake Ireland na Scotland, na wahamiaji ndio walioivusha bahari. Wenyewe wanaifurahia, na sisi hatuna haja ya kuiazima. Hamu ya mtoto ya kutishwa akiwa salama ipo kila mahali, na huku kwetu ina njia zake.

Anza kwa kuamua kitu ambacho hutakisimulia. Kwangu ni Popobawa, kiumbe anayesemekana kuwavamia watu usiku majumbani mwao. Najua watoto watakiomba, kwa sababu jina wanalisikia kwa kaka zao. Lakini Popobawa hakuwa hadithi. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, habari zake zilianzia hapa Pemba, zikavuka kwenda Unguja, zikafika hadi Dar es Salaam. Watu wazima waliacha vitanda vyao wakalala nje, makundi kwa makundi, wakikesha na moto. Mjini Unguja umati ulimuua mtu mgonjwa wa akili kwa kudhani ndiye. Wapo wazee hapa kijijini ambao hawataki hata kulitaja jina hilo jioni, na wana haki. Ukimsimulia mtoto Popobawa, akifika nyumbani akamuuliza bibi yake, bibi atamwambia ni kweli, mimi mwenyewe nililala uani. Hofu hiyo haina mlango wa kutokea.

Majini nayaacha kwa sababu nyengine. Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao, na mtoto anaisoma chuoni. Halafu majumbani humo humo mna mama au shangazi anayeuguzwa mashetani, anayefukiziwa ubani na kuchezewa ngoma. Hujui ni mtoto gani kati ya hao waliokaa mbele yako usiku wake umeshajaa mambo hayo. Mambo ya imani na ya ugonjwa wa watu si ya mchezo wa jioni.

Kinachobaki ni kingi: zimwi, fisi anayesema, sauti isiyo na mwenyewe, kitu kinachohesabu. Hivi vinaishi ndani ya hadithi peke yake, na ndiyo maana siwezi kuanza bila "Paukwa!" na watoto wote kujibu "Pakawa!" Usilichukulie jambo hili kama pambo. Anayesema "pakawa" amekubali kuingia, na anajua kuwa kitakachofuata ni uwongo mtamu. Uvumi hauna paukwa. Uvumi huanza na "jana usiku, kwa fulani". Nikimsikia mtoto anaanza hivyo, namsimamisha kwa upole na kumwambia apige paukwa kwanza. Akishapiga, uso wake unalegea, na wenzake wanasogea karibu badala ya kutazamana.

Chagua wakati. Bibi zetu walikataza hadithi za mchana, nami nakubaliana nao nusu, kwani jua kali linaua hadithi ya kutisha. Lakini skuli haina usiku, na mtoto lazima awe kwao kabla ya magharibi. Basi nachukua alasiri, jua likiwa limelala nyuma ya mikarafuu na vivuli vimerefuka, na namaliza mapema ili njia ya kurudi iwe na mwanga. Mtoto anayekaa mbali arudi na mwenzake. Hilo lipange kabla hujafungua mdomo, si baada.

Sasa hadithi yenyewe. Iweke hapo hapo mlipokaa. Ukisema "hapo zamani katika nchi ya mbali" umeshawapumzisha, na hiyo inafaa kwa hadithi ya sultani. Ya kutisha iseme "mlango ule pale". Ninayoipenda zaidi niliitunga kutokana na kitu ambacho kila mtoto wa skuli anakifanya kila asubuhi: kuitwa jina. Inakwenda hivi.

Kombo alisahau ndara zake chini ya mwembe. (Ukiwa na Kombo darasani, mpe mhusika jina jengine. Pitia rejista kwanza. Jina la mtoto aliye hai na aliyekaa mbele yako lisiingie kwenye hadithi ya kutisha, maana litamfuata wiki nzima.) Akarudi jua linazama. Uwanja mtupu, madarasa yamefungwa. Akainama kuchukua ndara moja, na kengele ikalia. Mara moja. Akatazama: rimu inabembea, hakuna mtu. Kutoka darasa la mwisho, lile lenye dirisha lililovunjika, sauti ikaanza kuita majina, pole pole, kama mwalimu mwenye subira. Jina likaitwa, na ndani mtoto akajibu "Nipo". La pili, "Nipo". Kombo hakulijua hata jina moja. Yalikuwa majina ya zamani, ya watu waliosoma hapo kabla babu yake hajazaliwa.

Hapa watoto wangu ndio wanaojibu. Mimi naita, wao wanasema "nipo", kila safari kwa sauti ndogo zaidi, kwa sababu nami naipunguza yangu. Usipaze sauti kuwatisha watoto. Kelele inawashtua mara moja halafu wanacheka na hadithi imekufa. Ukishusha sauti, wanaacha kupumua ili wakusikie.

Kisha ile sauti ikasema: "Kombo."

Nyamaza hapo. Usiseme chochote. Kila mtoto wa pwani ameshaambiwa na bibi yake kwamba ukiitwa gizani na sauti usiyoijua, usiitike. Sitaji katazo hilo. Naliacha watoto walitoe wenyewe, nao hulitoa kwa pamoja: "Usiitike! Usiitike, Kombo!" Watoto arubaini wanamwokoa mtu mmoja. Hofu yao imepata kazi ya kufanya, na mtoto mwenye kazi haogopi kwa namna inayodhuru.

Kombo hakuitika. Alichukua ndara ya pili, akatembea, hakukimbia, mpaka barabarani. Asubuhi mwalimu, mwalimu wa kweli, akafungua rejista na kuanza kuita. Akafika kwake: "Kombo." Na Kombo akakaa kimya, anafikiri. Hapo namalizia. Sisemi ndani ya darasa mlikuwa na nini. Ukieleza kuwa alikuwa zimwi mwenye meno saba, umewapunguzia. Sauti peke yake inatosha.

Kwa wadogo, wa darasa la kwanza na la pili, Kombo ni mzito. Wao wana Goso. Hadithi hii ni ya Zanzibar na ni ya zamani. Mmisionari Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi alizozipata Unguja. Goso ni mwalimu anayesomesha watoto chini ya mti. Paa anapanda kuiba matunda, tunda linaanguka, linampiga mwalimu kichwani, anakufa. Mwalimu amekufa uwanjani, ndiyo mwanzo! Lakini kifo kinapita kwa sentensi moja, na kinachofuata ni wanafunzi kumsaka muuaji. Wanaulaumu upepo wa kusi, upepo unasema mimi ningekuwa na nguvu nisingezuiwa na ukuta. Ukuta unasema ningekuwa na nguvu nisingetobolewa na panya. Na mnyororo unaendelea kwa paka, kamba, kisu, moto, maji, ng'ombe, mpaka unamrudia paa, ambaye hana la kujibu, na anauawa. Watoto wa miaka saba wanaushika mnyororo wote na kuuimba. Kisha wanabishana kama paa alistahili. Waache wabishane.

Kuna sauti moja ya uwanjani ambayo ni lazima uielezee ukishamaliza, nayo ni ile ya juu ya mabati. Popo wa Pemba, mkubwa, anayepatikana kisiwani kwetu tu na si kwengine duniani, hutoka jioni kutafuta matunda, na mabaki ya embe yanaangukia paa la darasa: kpo! Nyumba nyingi zimeshatetemeka kwa sauti hiyo. Popo hawa walikaribia kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Vijiji vilipoanza kuwalinda, idadi yao ilipanda na kupita 20,000 katika miaka ya 2000. Walimu walio karibu na Chake Chake wawapeleke watoto Kidike wakawaone wamening'inia mchana, wakijipepea kwa mbawa. Aliyemwona popo akijipepea, ni vigumu kwake kumgeuza popo huyo muuaji.

Mwisho, mtazame kila mtoto. Hofu huambukiza. Januari 1962, katika skuli ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia; kufikia Machi walikuwa 95 kati ya 159, na skuli ikafungwa. Hakuna aliyewasimulia hadithi. Wasomi wanalitaja shinikizo la maisha ya bweni. Tukio hilo nalikumbuka kila nikaapo chini ya mwembe. Mtoto akianza kutetemeka au kulia, sikatizi kwa ghafla wala sisemi "mwangalieni". Namalizia sentensi, nawasimamisha wote, tunacheza nage, na yule mtoto namwita anishikie mpira. Asizungukwe na wenzake. Kesho yake nazungumza naye peke yake, na nikiona inafaa, na mama yake.

Zikipita siku chache, wape wao nafasi. Msichana mmoja wa darasa la tano aliniletea Kombo wake akiwa ameandikwa kwenye buku, kurasa nne. Kwake yeye Kombo aliitika. Akaingia darasani, akakaa dawati la nyuma, na ile sauti ikamfundisha kusoma majina yote ya watoto wa zamani, mpaka akayajua kwa moyo na kutoka nayo, na kila aliyetajwa nje, juani, alikwenda kwao. Sasa nasimulia hadithi zote mbili, na nikifika kwenye ya kwake namwachia aseme mwenyewe.