Viungo Vinauma, Ugonjwa Haujulikani

Swali: Daktari, vidole na magoti yananiuma miezi mingi. Nimepimwa mara kadhaa, hakuna kinachoonekana. Nifanyeje?
Mama, Ongata Rongai

Jibu: Pole sana, mama. Maumivu yako ni ya kweli. Vidole vikikakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa na kuvimba kwenye mikono yote miwili, huenda ni baridi yabisi. Kipimo safi cha damu hakiuondoi uwezekano huo. Kajiado, unakoishi, ni kaunti ya mifugo: kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa, mwambie daktari, maana yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela, ambao huumiza viungo. Kipimo chake cha haraka huweza kukosea, hivyo omba cha kuthibitisha. Usimeze dawa za maumivu kiholela. Baadhi yake huweza kuharibu figo na tumbo. Omba rufaa kwa mtaalamu wa viungo, Hospitali ya Kenyatta.