Dondoo muhimu: Taya linapouma
Taya likiuma karibu na sikio, anza na tabia kabla ya dawa. Meno ya juu na ya chini yanapaswa kukutana wakati wa kula na kumeza tu. Muda mwingine funga midomo, achanisha meno, ulimi upumzike kaakaani. Kila bodaboda inapopita, jikague: umebana? Legeza. Muwa mtamu, najua, lakini uache kwa wiki chache, na mahindi ya kuchoma pia, maana huchosha taya; wali wa Ifakara hauna neno. Kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika 10 hadi 15. Kusaga meno usingizini, kunakoweza pia kuumiza taya, hudhaniwa kuwa kunasababishwa na minyoo, ilhali mara nyingi huendana na msongo wa mawazo. Taya likigoma kufunguka, usingoje: nenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara.