Themanini Isiyo Themanini kwa Mia: Lugha ya Ripoti za Tathmini ya Kisaikolojia ya Watoto

Utangulizi

Ripoti ya tathmini ya kisaikolojia ya mtoto huandikwa na mtaalamu, lakini wanaoitumia zaidi ni watu wasio wa taaluma yake, yaani mzazi na mwalimu. Nchini Kenya, vituo vya tathmini na nyenzo za elimu vilivyoanzishwa mwaka 1984 huwapima watoto wenye mahitaji maalumu na kushauri jinsi ya kuwasomesha. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mtaalamu aliyesomea saikolojia kwa Kiingereza hana budi kuyafasiri matokeo yake kila anapomwandikia mzazi kwa Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba hatari kubwa katika kazi hiyo haitokani na istilahi ngeni. Inatokana na maneno na namba ambazo msomaji anadhani anazifahamu.

Mtego wa namba

Mfano wa kubuni unalidhihirisha jambo hili. Mama mwenye kibanda cha mboga huko Mwembe Tayari, Mombasa, anapokea ripoti ya mwanawe wa miaka 8 anayechelewa kujifunza kusoma. Imeandikwa: "Mtoto amepata alama sanifu 80, sawa na asilimia 9." Mama, kwa mazoea ya mitihani ya shule, anaona 80 kwa mia. Anafurahi, na haoni sababu ya mwanawe kupewa msaada wowote. Mwalimu anaitazama 9, anadhani mtoto amejibu sawasawa maswali 9 kati ya 100, na anakata tamaa. Wote wawili wamesoma tokeo moja, na wote wamepotoka.

Katika vipimo vingi vya aina hii, wastani umewekwa kuwa 100, na takribani thuluthi mbili za watoto hupata kati ya 85 na 115. Kwa hiyo alama 80 iko chini ya wastani. Ama ile 9 si asilimia bali ni pasentaili. Asilimia hueleza sehemu ya maswali yaliyojibiwa. Pasentaili hueleza nafasi ya mtoto miongoni mwa wenzake. Mwandishi angeweza kuandika hivi: "Tukiwapanga watoto 100 wa rika lake, takribani 9 watakuwa sawa naye au chini yake, na 91 watakuwa juu yake. Anahitaji msaada katika kusoma, na anaweza kufundishika."

Hata maneno "watoto wa rika lake" yanadai uangalifu. Ni watoto wa wapi? Kipimo kilichosanifiwa kwa watoto wa Marekani au Uingereza kinamlinganisha mtoto wa Mombasa na hao, na ripoti sharti iseme hivyo. Juhudi za kutunga vipimo vinavyoafiki mazingira ya pwani zipo. Huko Kilifi, Amina Abubakar na wenzake walichapisha mwaka 2008 kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35.

Maneno yenye historia

Neno "akili" nalo lina uzito wake. Katika mazungumzo ya kila siku, akili hujumuisha busara na hata malezi. Kumwambia mzazi kuwa uwezo wa akili wa mwanawe ni mdogo ni kama kumkashifu yeye mwenyewe. "Taahira" limegeuka tusi. "Mtindio wa ubongo" hutumiwa na wengine kwa ulemavu wa viungo na wengine kwa ulemavu wa akili. "Usonji" limekubalika, lakini bado linahitaji maelezo. Njia salama ni kutaja hali mara moja, kisha kueleza alichokifanya mtoto: "Alipotajiwa namba tano, alizikumbuka tatu."

Mpangilio wa ripoti

Ripoti iliyo wazi huanza na swali lililomleta mtoto, ikafuatiwa na anayoyaweza, yanayomtatiza, na ya kufanya nyumbani na darasani. Majedwali ya alama yakae mwishoni kwa ajili ya wataalamu. Mapendekezo nayo yawe ya kutendeka. Badala ya "asaidiwe katika kumbukumbu tendaji," iandikwe: "Mwalimu ampe agizo moja kwa wakati mmoja, naye alirudie kwa maneno yake kabla ya kuanza kazi."

Hitimisho

Uwazi wa ripoti hupimwa kwa msomaji wake. Mtaalamu amsomee mzazi, kisha amwombe asimulie alichokielewa. Mama wa Mwembe Tayari akisema, "Mwanangu yuko nyuma ya wenzake katika kusoma, na nitamsomea kila jioni," ripoti imefika. Akisema, "Amepata themanini," kazi ya kuandika haijaisha. Wanafunzi wa Kiswahili, waliozoea kupima maana za maneno, wana nafasi ya kushirikiana na wanasaikolojia katika kazi hii, kwani kosa la neno moja laweza kumnyima mtoto mwaka mzima wa masomo.