Somo la Usalama: Ajali ya Treni na Ajali ya Barabarani



Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, nchini Tanzania, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi ikiteremka mlima na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Msiba huo ungali unakumbukwa, nasi twaona ni haki ukumbukwe.

Sasa tuupime pamoja na msiba wa pili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 barabara ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani. Tukigawanya kwa siku, ni zaidi ya 3,200 kila siku. Hivyo barabara za dunia huchukua idadi ya Igandu kwa muda wa saa mbili hivi. Hatushtuki, kwa kuwa wanakufa mmoja mmoja, kila mmoja katika kijiji chake.

Hasara ya mali nayo hutofautiana. Treni ikianguka, gharama kubwa hulibeba shirika la reli na serikali. Pikipiki ikigonga mtu, gharama huingia nyumbani: dawa, shamba lisilolimwa, ada ya shule isiyolipwa. Shirika hilo hilo lakadiria kwamba ajali za barabarani hugharimu nchi nyingi asilimia 3 ya pato la taifa.

Treni ina njia yake peke yake. Barabara ya Taifa namba 3, itokayo Bujumbura kupitia Kabezi hadi Rumonge na Nyanza-Lac, twaitumia sote kwa pamoja: lori, teksi, baiskeli yenye madumu ya mawese, mama mwenye beseni la ndagala, na mtoto aendaye shule. Hapa hakuna mwashiria treni. Kila mmoja wetu ndiye mwashiria.

Kwa hiyo twawaomba madereva wakumbuke: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Abiria wa pikipiki avae kofia ngumu. Atembeaye usiku avae nguo nyeupe. Mzazi amshike mtoto mkono anapovuka.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Ni mahali gani katika mtaa wetu watoto huvuka kwa hatari?
2. Nani atamwonya dereva anayekimbiza gari tukiwa ndani yake?