Namba bila jina lake haipimi kitu



Motokari nyingi za kwetu zimetoka mbali: ingine Ulaya, ingine Marekani, ingine Uingereza. Kipimo cha tablo kikiharibika, mwenye motokari ananunua kingine sokoni na kukifunga. Mshale unatembea, naye anafurahi. Lakini je, amesoma herufi ndogo zilizoandikwa chini ya namba? Herufi hizo ndizo jina la namba.

Mwezi wa saba mwaka 1983, huko Kanada, ndege yenye watu 69 ilizimika motere zote mbili hewani. Vipimo vyake vya mafuta vilikuwa vimekufa, na mafuta yakahesabiwa kwa mkono. Waliohesabu walichukua ratili za Kiingereza kana kwamba ni kilo. Na ratili moja haifiki nusu kilo. Rubani aliteremsha ndege bila motere huko Gimli, na watu wote waliokoka. Tujifunze basi kugeuza vipimo.

1. Nguvu ya hewa na ya mafuta ya motere

Bari 1 ni PSI 14,5. Ukiwa na PSI, gawanya kwa 14,5. Mfano: PSI 32 ni bari 2,2. Kama imeandikwa kPa, gawanya kwa 100: kPa 220 ni bari 2,2 vilevile.

Hatari ni hii: shofere yuko katika mwendo, anaona mshale wa mafuta ya motere kwenye 10, anafikiri nguvu ni nyingi. Kumbe ni PSI 10, yaani bari 0,7 tu. Motere inakosa mafuta na inaweza kukatika barabarani.

2. Moto wa maji

Ukiona herufi F, toa 32, halafu gawanya kwa 1,8. Mfano: 194 toa 32 ni 162, gawanya kwa 1,8 ni degere 90. Hiyo ni kawaida. Lakini F 230 ni degere 110: simama, zima motere, ngoja ipoe. Usifungue kifuniko cha radiatere ikiwa moto. Maji yataruka na kukuunguza uso.

3. Mwendo

MPH ni maili kwa saa. Zidisha kwa 1,61. MPH 40 ni kilometa 64. MPH 60 ni karibu kilometa 97. Kibao cha barabara kinasema 60, nawe unashika mshale kwenye 60 ya maili: unapita mbele ya masomo kwa kilometa 97! Mtoto anayevuka njia hawezi kujua kosa la kipimo chako.

4. Kipimo na mwenzake

Kipimo cha umeme kina mwenzake anayefungwa kwenye motere na kumpelekea habari. Vipimo vingi vya Marekani vinatumia omu 240 kushuka hadi 33; vingi vya Ulaya vya shindikizo vinaanza omu 10 na kupanda hadi 180. Ukichanganya kimoja na mwenzake wa kingine, mshale utasema uongo. Nunua vyote viwili pamoja.

Angalia pia nyuzi za kufungia. Ile ya Marekani ya 1/8 NPT ina upana wa milimeta 10,3, na ile ya M10 ina milimeta 10. Kwa macho ni ndugu, lakini hazikubaliani. Ukilazimisha kwa ufunguo, utapasua tundu; mafuta yatavuja juu ya bomba la moshi lenye moto, na motokari inaweza kuwaka. Mwambie fundi atafute kiungo kinachofaa. Kabla ya kugusa nyuzi za umeme, fungueni kwanza waya wa batri.

5. Jaribu kwa sufuria

Fundi aunganishe kipimo cha moto na mwenzake, kisha atie mwenzake ndani ya maji yanayochemka. Lubumbashi iko juu karibu meta 1 200, kwa hiyo maji huchemka karibu degere 96, si 100. Mshale ukionyesha 96, au F 205, kipimo kinasema kweli. Watoto wakae mbali na sufuria.

Mwisho, tazama kitabu cha motokari, andika mipaka kwenye karatasi ndogo na ibandike kwenye tablo: hewa ya mipira, mafuta, moto wa maji, kila namba na jina lake. Bibi na watoto nao waisome, maana ni wao wanaopanda nyuma yako. Kabla ya safari, waulize: namba hii inaitwa nani?