Shibe Haifuti Pombe: Somo kuhusu Chakula, Kileo na Safari ya Usiku



Katika mikutano yetu na jamii za Busia, Malaba na Mutukula, kuna kauli tunayoisikia mara kwa mara kutoka kwa madereva na waendesha bodaboda: "Afande, mimi nilikula nikashiba kabla ya kunywa." Msemaji hukusudia kutueleza kwamba shibe imemkinga, na kwa hiyo hana kosa kushika usukani. Hatumhesabu kuwa mwongo. Aghalabu ameshiba kweli, naye anaamini asemalo. Lakini imani hiyo ina nusu ya ukweli, na ile nusu isiyosemwa ndiyo inayoua barabarani. Katika somo hili tunazitazama nusu zote mbili.

Safari ya pombe mwilini

Pombe haingoji kusagwa kama matoke au ugali. Sehemu ndogo, kadiri ya moja ya tano, hupenya kwenye ukuta wa tumbo na kuingia katika damu. Sehemu kubwa iliyobaki huingia kupitia utumbo mwembamba. Kati ya tumbo na utumbo huo pana mlango wa msuli unaofunguka na kujifunga. Tumbo likiwa tupu, mlango hupitisha pombe upesi, na kiwango chake katika damu huweza kufika kileleni ndani ya nusu saa hadi saa moja.

Tumbo likiwa na chakula, mambo hubadilika. Mlango hubana ili chakula kipate kusagwa, na pombe hupita kidogo kidogo pamoja nacho. Nalo ini hupata wasaa wa kuvunja sehemu ya pombe kabla haijaenea mwilini. Kwa hiyo kilele huwa cha chini na huchelewa. Hii ndiyo nusu ya kweli: anayekula kabla ya kunywa halewi upesi kama anayekunywa na njaa. Tena, kunywa bila kula huweza kushusha sukari ya damu hadi mtu akazimia, na watazamaji wakadhani amelala tu.

Nusu isiyosemwa

Tumfikirie mwendesha bodaboda aliyekula sahani ya wali na nyama saa moja jioni, kisha akaketi kunywa. Saa mbili na nusu anajiona mzima, ulimi hauteleze, miguu haiyumbi. Kwa kujiona mzima anaongeza chupa mbili, kisha anampakia mama aliyebeba mtoto mgongoni. Wakati anawasha pikipiki, pombe iliyozuiliwa na chakula bado inaendelea kuingia katika damu. Aliondoka akiwa na nafuu, naye atazidi kulewa akiwa njiani. Chakula kilimchelewesha, hakikumponya. Hatari ni kwamba ucheleweshaji huo ndio uliomdanganya.

Vinywaji vinavyochanganywa

Wapo wanaochanganya waragi na soda kwa nia ya kuipunguza makali. Kinywa huhisi nafuu, ila mwili hauoni hivyo. Waragi yenye asilimia 40 ya kileo, ikichanganywa nusu kwa nusu na soda, hubaki na asilimia 20, na kinywaji cha nguvu ya asilimia 20 hadi 30 ndicho kinachofyonzwa kwa wepesi zaidi. Gesi ya soda nayo, kwa watu wengi, huharakisha pombe kuingia katika damu. Vinywaji vya kuongeza nguvu huondoa usingizi, lakini haviondoi ulevi: mnywaji hubaki mlevi aliye macho. Nayo malwa, ambayo hunywewa polepole kwa mrija, huwahadaa wazee wetu kwa sababu chungu huongezwa maji ya moto tena na tena, na hakuna anayejua amekunywa kiasi gani.

Kumbukeni pia kwamba miili haifanani. Mtu mwembamba huwa na maji machache mwilini kuliko mtu mnene wa misuli, na kwa kawaida mwanamke huwa na maji machache kuliko mwanamume. Chupa zilezile huwaacha na kiwango kikubwa zaidi katika damu.

Hesabu ya ini

Pombe ikishaingia katika damu, kazi kubwa ya kuiondoa ni ya ini, na ini halina haraka. Kwa wastani huondoa takriban miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja. Kahawa haliongezei kasi. Maziwa, mchuzi wa moto, maji baridi ya kuoga, wala chapati ya usiku wa manane haviliongezei kasi.

Kanuni za Uganda zinaweka kikomo cha miligramu 80 katika mililita 100 za damu kwa dereva. Tuseme dereva wa lori amefika miligramu 180 saa sita usiku. Ifikapo saa kumi na moja alfajiri, foleni ya mpakani inapoanza kusogea, ini limeondoa miligramu 75. Amebaki na 105. Amelala, ameamka, amenawa uso, na bado amevuka kikomo. Hatakuwa safi hadi saa sita mchana. Na akivukia Katuna au Mpondwe, anatakiwa kuhama kutoka kushoto kwenda kulia kwa barabara. Hilo ni jambo linalotaka akili timamu.

Kipimo cha pumzi hakidanganyiki kwa kitunguu, peremende au karanga. Kinapima hewa itokayo mapafuni, ambayo hubeba habari za damu.

Neno la tahadhari na la kumalizia

Chakula hakimkingi mtu na pombe yenye sumu. Pombe ya magendo huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Mtu akilalamika kwamba macho yana ukungu, tumbo linauma au pumzi inakuwa nzito baada ya kunywa, msimwache alale mkingoja asubuhi. Mpelekeni hospitalini mara moja. Akiwa hajitambui, mlazeni ubavu na msimpe kitu chochote kinywani.

Tunawaomba mambo matatu. Anayekunywa ale kwanza, anywe maji katikati, na asiongeze kwa sababu tu anajiona mzima. Anayeendesha asinywe kabisa, na aliyekunywa sana usiku asishike usukani alfajiri. Mwenye baa na abiria wasione haya kumnyima mtu ufunguo au kukataa kupanda chombo chake. Kwa dharura upande wa Uganda, pigeni 999 au 112.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Hii tuliyoieleza inayo, nayo ni kuacha chombo na kurudi nyumbani kwa miguu. Tungependa tukutane nanyi katika mkutano ujao, wala si katika chumba cha maiti.