MPIRA WA KIKAPU: POINTI MINGI AO ULINZI MKALI?



Tangu mwanzo wa muhula, kila mangaribi mabishano ni ile ile. Wamoja wanasema mchezo wa kikapu unapendeza kama pointi ziko mingi. Wengine wanasema hapana, utamu uko katika kulinda. Hata maprofesa wawili tuliwasikia wakibishana, chakula kikapoa. Tunaandika somo hili kwa sababu ekipe ya shule itachaguliwa karibuni, na wamoja wanataka kuhesabu pointi tu. Tuko na mwenzetu mmoja ambaye mwaka mzima hakutia hata vikapu vitano, lakini kila mtu aliyepewa kumlinda alirudi nyumbani mikono mitupu. Huyu tumwache inje?

Tuangalie kwanza wale wanaocheza kwa kazi, kule Marekani, katika ligi ya NBA.

Tarehe 22 Novemba 1950, ekipe ya Fort Wayne Pistons ilikwenda Minneapolis kucheza na Lakers. Lakers walikuwa na George Mikan, mtu mrefu sana, na kumzuia ilikuwa kazi nguvu. Basi Pistons wakapata shauri: tushike mpira, tusiharakishe kurusha. Wakasimama nao mkononi, dakika zikapita, watazamaji wakakasirika. Mwisho: 19 kwa 18. Katika zile 18 za Lakers, Mikan peke yake alitia 15. Mpaka leo hakuna mchezo wa NBA wenye pointi chache kupita ule.

Wenye kupenda pointi wanasema: munaona, kulinda kunachosha macho! Lakini tuulize vizuri. Ile ilikuwa kulinda? Kulinda ni kumzuia mtu anayetaka kutia. Pale mwenye mpira ndiye alikataa kucheza.

Dawa ilipatikana mwaka wa 1954, na ni dawa ya hesabu. Danny Biasone, mwenye ekipe ya Syracuse, aliwaza hivi: mchezo ni dakika 48, ni kusema sekunde 2880. Katika mchezo unaopendeza, ekipe zote mbili pamoja zinarusha karibu mara 120. Gawanya 2880 kwa 120, unapata 24. Tangu hapo ekipe yenye mpira lazima irushe mbele ya sekunde 24 kuisha. Mwaka ule wa kwanza wastani wa kila ekipe ulipanda toka pointi 79 na nusu hadi 93.

Wengi wanasema sheria hii ilisaidia wenye kurusha. Ni kweli, lakini ilimsaidia mlinzi vilevile. Zamani, hata alinde namna gani, mwenye mpira alingoja tu mpaka yeye achoke. Sasa akivumilia sekunde 24, mpira unakuwa wake. Njo maana tangu 1954 ulinzi ni kazi yenye mshahara.

Tarehe 13 Desemba 1983, kule Denver, Pistons (waliokwisha kuhamia Detroit) walishinda Nuggets 186 kwa 184. Wachezaji wanne walipita pointi 40 kila mmoja. Mchezo mtamu, hatukatai. Lakini utamu ulitoka wapi? Dakika 48 ziliisha wakiwa 145 kwa 145, wakaongezewa muda mara tatu, na hakuna aliyejua nani atashinda. Sasa linganisha na mchezo wa nyota wa 18 Februari 2024: 211 kwa 186. Pointi 397, zaidi kupita zile za Denver! Lakini mtu alikimbia mpaka kikapuni na mwenzake akampisha njia kama mgeni wa heshima. Watu wengi walilalamika, na mwaka uliofuata ligi ikageuza namna ya kuucheza.

Tena, kuna mtoto wa Kinshasa, Dikembe Mutombo. Mwaka wa 1994 Denver yake ilikuwa ya nane upande wa magaribi, na Seattle ya kwanza, yenye ushindi 63. Seattle ikashinda michezo miwili ya kwanza. Denver ikashinda mitatu iliyofuata. Katika michezo mitano Mutombo alikatiza mpira njiani mara 31. Wa mwisho, 98 kwa 94, ulihitaji muda wa kuongeza. Filimbi ilipolia alilala chini chali, mpira mikononi, akicheka. Kabla ya kuacha kucheza mwaka wa 2009 alikuwa amekatiza mara 3289, na kile kidole chake cha kukataza, watu walikingojea kama wanavyongojea kikapu. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024.

Sisi tunawaza hivi: kikapu kinapendeza kama kulikuwa mtu aliyekitaa kweli kweli. Hatusemi juu ya kuvutana nguo na kusukumana. Hiyo inachosha, na mwamuzi apige filimbi. Tunasema juu ya miguu inayokimbia na mikono iliyo juu.

Basi, siku ya jumamosi, wakati darasa la tano litacheza na la sita, tutaweka karatasi mbili. Moja ya pointi, kama kawaida. Ya pili ya mipira iliyokatizwa, iliyonyanganywa, na watu waliokosa kurusha sababu mlinzi alikuwa mbele yao. Tunatafuta wanafunzi wawili wenye macho mazuri wa kuandika ile ya pili. Mapenzi ya ekipe wayaache nyumbani. Karatasi zote mbili zitafika mezani kwa Bwana Prefe mbele ya majina kuchaguliwa.